Penseli Isitangulie Vidole

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, elimu ya awali ni sehemu ya mfumo rasmi wa elimu nchini. Hata hivyo, mtoto wa miaka mitano anayepewa penseli na kuchapwa kwa sababu “a” yake imepinda hujifunza kuichukia shule.

Vidole vyake bado havijakomaa. Sharti vianze kwa kufinyanga udongo na kuchora mistari na miduara mchangani, ndipo zije herufi. Huko Gungu, Kigoma, Ziwa Tanganyika haliko mbali, na mchanga hauagizwi ng’ambo kwa fedha za kigeni. Uhaba wa vifaa usiwe kisingizio.

Ni wajibu wa walimu, wazazi na viongozi wa kata kushirikiana katika jambo hili, na fimbo iwekwe chini.