Usubi na Kaa wa Mtoni

Zamani katika Nyanza palikuwa na mabonde yenye ardhi njema na maji tele, lakini watu waliokaa kando ya mito hiyo walijikuna usiku na mchana mpaka ngozi zao zikawa ngumu, na wengine wakapofuka kabisa. Hasara yake kwa mkulima haihitaji kuelezwa.

Chanzo cha maradhi hayo ni mnyoo mwembamba. Jike huishi ndani ya mwili wa mtu hata miaka 15, akizaa wana wadogo mno ambao hutembea katika ngozi na kuingia machoni. Achukuaye wana hao kutoka kwa mtu hata mtu ni usubi, mdudu mdogo mweusi aumaye mchana penye kivuli cha miti ya mtoni.

Katika mwaka wa 1946 Daktari Garnham na Bwana McMahon walianza kutia dawa ya DDT katika mito ya Kodera. Jambo la ajabu ni kwamba wakati huo hakuna aliyejua viluwiluwi vya usubi huyo vilikaa wapi. Vilitafutwa juu ya mawe na majani, visionekane. Mwaka wa 1950 ndipo vilipogunduliwa: vilikuwa vimeshikamana na magamba ya kaa wa mtoni! Wavuvi wangapi waliwashika kaa hao wasitambue walichokishika?

Kazi ikaendelea mto kwa mto, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 usubi huyo alikuwa ametoweka Nyanza. Wagonjwa hawakupona siku ile, maana minyoo ilikuwa bado hai miilini mwao. Ilibidi mito ilindwe mpaka minyoo ife kwa uzee. Madaktari waliporudi Kodera miaka 18 baada ya kazi ile, ugonjwa ulikuwa karibu umekwisha. Ni kweli kwamba DDT hudhuru samaki na ndege, na dawa nyingine zimeshika mahali pake mitoni.

Huko Afrika ya Magharibi, tangu 1974 hata 2002, mito mikubwa ilinyunyiziwa dawa kwa helikopta. Kisha ikapatikana dawa ya kumeza, aivamektini, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Japani. Tangu 1987 kampuni ya Merck imeitoa bure kwa ugonjwa huu, na mwaka wa 2015 mabwana Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Lakini dawa hii huua wana wa mnyoo, mama humwacha hai. Kwa hiyo sharti imezwe kila mwaka, miaka mingi. Hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa mtu asiyewashwa tena huona hana haja ya kidonge.

Colombia ilithibitishwa kuwa imeumaliza ugonjwa mwaka wa 2013, ikafuatwa na Ecuador, Mexico na Guatemala. Katika Afrika, Niger ilikuwa ya kwanza, mwaka wa 2025. Nako Uganda, watu wa afya wameingia mitoni kushika kaa na kuwageuza mmoja mmoja, wakitazama kama kiluwiluwi chochote kimesalia.