Foto zenye sahihi

Watoto wetu wanakusanya foto za wachezaji mpira. Juma lililopita tuliomba kalasi la sita walete foto za wagunduzi na mainjinia. Zikaja kumi na moja, zote za wanaume wazungu. Ukutani mwetu pia ni hivyo hivyo, tunakiri. Binti mmoja akauliza: je, mwanamke anaweza kufanya mashini?

Tukamwambia habari za Sandrine Mubenga. Alipokuwa msichana huko Kikwit aligonjwa apendisiti. Hospitali haikuwa na umeme, na wazazi wakatafuta mafuta ya jenereta siku 3 ndipo apasuliwe. Akaenda Marekani kusoma umeme, akavumbua chombo cha kusawazisha selu za batri za lityumu. Na kobalti ya batri inachimbwa hapa kwetu Lualaba! Thérèse Izay naye alifanya roboti za kuongoza magari Kinshasa.

Sasa binti yule anaandika barua ya kuomba foto yenye sahihi: maneno machache, sababu yake, na bahasha ya kurudishia ndani. Foto ikifika, tutaiinamisha kwenye mwanga. Wino wa kalamu unang'aa peke yake. Sahihi iliyochapwa ni laini kama foto yenyewe.

Pesa za posta bado zinapungua. Kikundi kinachoweza kusaidia kituone Jumamosi.