Filamu za Vijana na Muziki wa Kuazima

Mwaka 1953 Federico Fellini wa Italia alitoa filamu iitwayo I vitelloni, inayohusu vijana watano wa mji mdogo wa pwani ambao umri unawapita katika mizaha na ndoto. Muziki wake ulitungwa na Nino Rota. Haukuwekwa ili kuziba kimya. Huyatamka yale ambayo vijana wenyewe wanashindwa kuyasema.

Hatutaji filamu hiyo ili kusifu vya wageni. Tunauliza: vijana wa Kinondoni na Temeke wanatungiwa na nani muziki wa filamu zao?

Jibu linatia uchungu. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, iliwaweka mbele wanamuziki vijana, TID akiwa miongoni mwao, hadithi na nyimbo zikaenda pamoja. Lakini katika filamu nyingi tulizotazama baadaye, kijana wa Mbagala anamlilia mama yake huku nyuma yake kikilia kinanda kisichojua Mbagala iko wapi. Uso ni wetu, sauti ni ya kuazima.

Wako wasemao kwamba muziki wa uswahilini ni kelele za wahuni. Tunawapinga. Mchiriku, uliovuma katika vitongoji hivyo miaka ya 1990, uliyachukua mapigo ya ngoma za Wazaramo ukayaunganisha na kinanda kidogo cha umeme na spika za kuungaunga. Singeli ikafuata, ikaongeza kasi hata ikapita mapigo 200 kwa dakika. Hayo ni maarifa ya watu wasio na fedha lakini wenye masikio. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso. Jirani amesikia; sisi wenye ngoma tumeziba masikio!

Ni kweli, baadhi ya maneno ya nyimbo hizo ni machafu. Basi na yakosolewe. Shamba lenye magugu hupaliliwa, halichomwi moto.

Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo hayo mawili hayakuwekwa nyumba moja bure: kijana asiyesikia sauti yake katika sanaa ya taifa lake hufundishwa kwamba yeye si sehemu ya taifa hilo.

Kwa hiyo tunawataka watengenezaji wa filamu waende Tandale na Mbagala kabla ya kuchagua muziki, wawaajiri watunzi wa huko, na wawalipe haki yao. Nanyi walimu, mnapoonyesha filamu darasani, waambieni wanafunzi wafumbe macho kwa dakika chache, kisha waulizeni: mnachokisikia ni nchi gani? Siku watakapojibu bila kusita kwamba ni kwao, kazi yetu itakuwa imeanza kuzaa. Mcheza kwao hutunzwa.