Sindano ya joto kwa mbuzi: nani anaishika?

Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka wa 2025, jamaa za makanisa yetu zilizokimbia zimerudi na kukuta zizi tupu. Mbuzi ndiye mnyama ambaye vikundi vya akina mama hutafuta kumpata tena kwanza, kwa mpango tunaoujua sote: unapokea jike, anazaa, unamtoa mtoto wa kwanza kwa jirani. Mpango wote unangojea mimba. Ndiyo maana sindano ya kuleta joto imeanza kuulizwa katika vikao vyetu, na hatutaki jibu litoke kwa muuza dawa peke yake.

Tuseme kwanza dawa hizo zinafanya nini. Jike asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Yai likishatoka, hubaki kinundu katika ovari kinachotoa homoni iitwayo projesteroni, na homoni hiyo humzuia kurudi jotoni. Sindano ya prostaglandini hukiyeyusha kinundu hicho, na baada ya siku mbili au tatu jike anatafuta dume. Mbuzi wakiwa wengi na siku zao hazilingani, huchomwa mara mbili, kwa nafasi ya siku 11 hivi. Njia nyingine ni sponji yenye dawa ya jamii ya projesteroni. Inawekwa ukeni kwa siku 11 au zaidi, inatolewa, kisha mbuzi anachomwa homoni inayopatikana katika damu ya farasi wenye mimba. Hiyo inataka friji, na umeme wetu mnaujua.

Mengi ya haya yaliendelezwa kwa wafugaji wa maziwa wa Ulaya, hasa Ufaransa. Huko mbuzi wana majira: siku zinapofupika ndipo wanaingia joto, na miezi mingine wanatulia. Mfugaji anayetaka maziwa mwaka mzima, au kupandisha kwa mbegu zilizogandishwa, ana sababu ya kulipa. Lakini Butembo iko karibu kabisa na ikweta, na Bukavu haiko mbali nayo. Urefu wa mchana wetu karibu haubadiliki, na mbuzi wetu huingia joto mwezi wowote. Jike akikawia, mara nyingi sababu ni njaa, minyoo, mtoto anayenyonya bado, au dume hayupo. Hakuna sindano inayotibu njaa. Tena ile homoni ya farasi inaweza kumpa jike aliyekonda watoto watatu asio na maziwa ya kuwalisha.

Kituo chenye majike wengi na mganga wa mifugo kinaweza kufaidika, maana watoto wakizaliwa juma moja ni rahisi kuwalinda na kuwachanja pamoja. Hilo tunalikubali. Mjane mwenye mbuzi wawili hana hesabu hiyo. Anayeitaka ni mara nyingi mradi, kwa sababu una tarehe ya kutoa rapoti.

Katika kikundi kimoja tunachokijua, majike sita walichomwa siku moja ili wazae pamoja. Wawili walikuwa na mimba tayari, na zote mbili ziliharibika. Akina mama waliambiwa ni bahati mbaya. Haikuwa bahati. Kwa mbuzi, kile kinundu ndicho kinachoshika mimba tangu mwanzo mpaka mwisho, miezi yote mitano. Kwa hiyo prostaglandini huitoa mimba hata ikiwa kubwa. Mbuzi wetu hulisha pamoja na madume ya kijiji kizima. Nani angeapa kwamba hawa hawajapandwa? Hakuna aliyewapima, hata aliyeuliza.

Kuna jambo linalotutia hofu zaidi. Dawa hiyo hiyo hupenya ngozi ya mtu. Inaweza kuharibu mimba ya mwanamke, na kumbana pumzi mwenye pumu. Sasa tazama siku ya sindano kijijini: mama ndiye anayemkamata mbuzi, binti yake ndiye anayeokota bomba lililoanguka. Maonyo yameandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kifaransa au Kiingereza. Mwanamke mwenye mimba asiguse chupa hiyo kabisa, na ikimwagikia ngozi ya mtu yeyote, ioshwe mara moja kwa sabuni na maji.

Kuna njia isiyo na chupa. Majike wakitengwa na dume kwa majuma kadhaa, mbali hata wasisikie harufu yake, kisha akaletwa ghafla, wengi huingia joto katika siku chache. Wakiongezewa majani mazuri majuma mawili kabla, ni bora zaidi. Dume mzuri huhudumia majike 20 bila shida joto likija kwa zamu. Wakichomwa wote siku moja, hawezi kuwamaliza. Kikundi chenye fedha kidogo kinunue kwanza dume na chanjo ya sotoka ya mbuzi.

Mradi ukileta chupa hizo, kamati iulize kabla ya kupokea: mganga wa mifugo atakuwepo? Nani atapima mimba? Nani atamlipa mama kama mimba ikitoka? Na rapoti, je, haiwezi kungojea siku 21, dume afanye kazi yake?