Kamera ya Nyuma Haimtazamii Mtu

Kwenye yadi za magari ya mtumba, iwe Dar es Salaam au Mombasa, kuna onyesho ambalo muuzaji hakosi kulifanya. Anawasha gari, anaweka gia ya rivasi, kisha anajisogeza pembeni ili mteja aione skrini. Ukuta wa yadi unatokea pale, na juu ya changarawe imelala mistari ya kijani, njano na nyekundu. "Kamera ya nyuma ipo, bosi." Mteja anaitikia kwa kichwa. Tangu hapo suala la kurudi nyuma limefungwa, na mazungumzo yanahamia kwenye rimu na kiyoyozi.

Hapo ndipo inapozaliwa imani iliyowashika madereva wa teksi na wazazi wanaopeleka watoto shule kwa pamoja: kwamba gari lenye kamera limeshamtazamia dereva huko nyuma, na kwamba kilichobaki ni kuchagua skrini kubwa na picha ang'avu. Imani hiyo ni ya uongo, na ina gharama. Inamfanya mtu anunue kifaa kisicholifaa gari lake, kisha akiamini kuliko anavyoiamini shingo yake mwenyewe.

Ushahidi mzito dhidi ya imani hii unatoka kwa watu wale wale walioigeuza kamera kuwa sheria. Mwaka 2002, katika jimbo la New York, daktari mmoja wa watoto alikuwa akilirudisha gari lake nyuma nyumbani kwake, taratibu, huku akitazama vioo kama alivyofundishwa. Mwanawe Cameron, mwenye miaka 2, alikuwa nyuma ya gari, chini ya upeo wa vioo vyote, na akafa kwa kugongwa. Bunge la Marekani likapitisha sheria inayobeba jina la mtoto huyo, Cameron Gulbransen, na Rais George W. Bush akaisaini Februari 2008. Kanuni zake zilikamilika mwaka 2014, na kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa nchini humo, la uzito usiozidi kilo 4,536, lazima limwonyeshe dereva eneo la takriban mita 3 kwa 6 nyuma yake.

Sasa yasomwe makadirio ya mamlaka iliyoandika kanuni hizo. Kwa hesabu zake, magari yanayorudi nyuma yalikuwa yakiua wastani wa watu 210 kwa mwaka nchini Marekani, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa zaidi ya miaka 70, na kujeruhi wapatao 15,000. Na pindi kila gari barabarani litakapokuwa na kamera, ni maisha mangapi yangeokolewa? Kati ya 58 na 69. Yaani hata aliyelazimisha kamera kwa nguvu ya sheria hakutegemea ipunguze vifo kwa zaidi ya theluthi moja. Muuzaji wa yadi anaahidi mengi kuliko serikali ya Marekani.

Sababu ni rahisi. Kamera inaonyesha tu, na kuona kunabaki kuwa kazi ya mtu. Taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, iliwahi kuwaweka madereva wa kujitolea kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kisha ikasimamisha nyuma ya gari sanamu ya sponji yenye kimo cha mtoto bila kuwaambia. Wasio na kifaa chochote waliigonga wote. Lakini hata miongoni mwa waliokuwa na kamera, zaidi ya nusu waliigonga. Sanamu ilipokuwa kivulini, karibu kila mwenye kamera aliipitia.

Kivulini. Msomaji na akumbuke gari lake linalala wapi: chini ya mwembe, kwenye baraza la mabati, au kati ya nyumba mbili ambako jua hufika saa sita tu. Watoto nao huchezea palepale, kwa sababu hiyo hiyo ya kukimbia jua. Lenzi ikielekezwa kutoka kivuli cheusi kwenda kwenye mwanga mkali wa barabara, picha inajipima kwa kile chenye mwanga, na kilicho gizani kinazama. Skrini ya inchi 10 italikuza giza hilo, wala haitaliondoa.

Watetezi wa kamera wana jibu, na jibu hilo lina haki ya kusikilizwa. Watasema kwamba katika jaribio lile lile sensa za bampa, zile zinazolia gari likikaribia kikwazo, zikiwa peke yake zilifanya vibaya kuliko kamera. Ni kweli. Ila taasisi hiyo hiyo ilipochambua ajali halisi zilizoripotiwa polisi, picha ilibadilika: kamera zilihusishwa na upungufu wa asilimia 17 wa ajali za kurudi nyuma, sensa asilimia 28, na breki zinazojikamata zenyewe asilimia 62. Ajali hizo nyingi ni za bampa na taa kuliko za watu, lakini fundisho linabaki. Uwanjani dereva anajua yumo kwenye utafiti. Mtaani ana simu mfukoni, abiria anayeongea na bodaboda inayompigia honi. Kifaa kinachosubiri kutazamwa kinashindwa na kile kinachopiga kelele, na kile kinachokanyaga breki bila kuomba ruhusa kinavishinda vyote viwili.

Ndiyo maana inashangaza kuona sensa zikidharauliwa kama pambo la bei rahisi. Ni kongwe kuliko kamera. Toyota Corona ilikuwa na kifaa hicho nchini Japani mwaka 1982, ilhali kamera ya nyuma iliingia kwenye Toyota Soarer mwaka 1991. Kazi ya sensa ni ile ya popo. Kila kitufe cha bampa kinatoa mlio wa mizunguko kama 40,000 kwa sekunde, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu, na kuhesabu muda unaochukua mwangwi kurudi. Kwa kikwazo kilicho umbali wa mita 1.5, jibu linarudi kabla ya sehemu moja ya mia ya sekunde kupita. Kivuli hakimsumbui popo.

Hata hivyo, anayehamisha imani yake yote kutoka kamera kwenda sensa amebadilisha kosa tu. Sauti hupotea kwenye nguo na vitu laini, huteleza kwenye uso ulioinama, hupita pembeni ya fimbo nyembamba ya chuma, na haioni mtaro, kwa kuwa shimo halirudishi mwangwi. Tena sensa nyingi za kubandika huanza kulia kwenye mita 1.5 hivi. Gari linalorudi kwa kilomita 5 kwa saa linaumaliza umbali huo kwa sekunde moja na kidogo, yaani kabla miguu ya madereva wengi haijatua vizuri kwenye breki. Likirudi kwa kilomita 2 kwa saa, dereva anapata karibu sekunde 3. Kifaa ni kile kile. Kilichoamua ni mguu.

Kamera nayo ina saa yake. Kanuni za Marekani zinaruhusu picha ichukue hadi sekunde 2 kutokea baada ya gia kuingia, na redio za bei nafuu zinazofungwa mitaani hazikupimwa na mtu yeyote. Dereva mwenye haraka, anayeachia breki papo hapo, kwa kilomita 5 kwa saa ameshakwenda karibu mita 3 akiwa anatazama skrini nyeusi.

Kwa Afrika Mashariki imani hii ina udhaifu wa ziada, nao unatokana na mahali magari yanakotoka. Japani ilianza kulazimisha vifaa vya kuonyesha nyuma kwa aina mpya za magari Mei 2022, na kwa magari mapya yaliyosalia mwaka 2024. Kwa kuwa Kenya hupokea magari yasiyozidi miaka 8 na Tanzania hupokea hata yaliyozeeka zaidi, meli bado zitaendelea kushusha kwa miaka kadhaa magari ambayo hakuna sheria iliyoyagusa. Kamera iliyomo mara nyingi ilikuwa nyongeza ya hiari, imeunganishwa na redio ya Kijapani. Na redio hiyo ina kisa kinachojulikana na kila fundi umeme wa magari: betri ikitolewa siku moja, skrini inaamka na maandishi ya Kijapani ikidai kadi ya ramani, ambayo pengine ilibaki Nagoya. Redio ikijifunga, kamera nayo inalala. Mwenye gari anaendelea kujiita mwenye kamera.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Wajapani walishaweka dawa isiyohitaji umeme, na wengi wanaiona kama urembo. Kile kioo cha mviringo kilicho juu ya mlango wa nyuma wa Noah na ndugu zake kimeelekezwa chini, ili dereva akitazama kupitia kioo cha ndani aone nyuma ya bampa. Kinachotakiwa ni kukifuta vumbi na kutojaza mizigo hadi darini.

Anayeamua kufunga vifaa vipya ndiye anayepaswa kuachana kabisa na swali la ukubwa wa skrini. Maswali yenye maana yanahusu fundi na umbo la gari. Kamera imefungwa juu kiasi gani? Ikikaa karibu na kibao cha namba, siku moja ya masika inatosha kuiziba kwa tope. Picha imegeuzwa ili kushoto kwa dereva kuwe kushoto kwenye skrini? Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya mbele, ikipachikwa nyuma, inampeleka dereva upande usio wenyewe. Mistari ya rangi nayo isiogopwe wala kuabudiwa: kwenye kamera za bei rahisi imechapwa kiwandani, haijui upana wa gari wala kona ya usukani, na Vitz hupewa mistari ile ile inayopewa Land Cruiser.

Sensa zinataka umakini zaidi, kwa sababu bampa likishatobolewa halizibiki kirahisi. Nyingi hufanya kazi vizuri zikiwa nusu mita hivi au zaidi kidogo kutoka ardhini. Zikishushwa, zinasoma lami na kulia ovyo mpaka mwenye gari anazizima kwa hasira. Nyingi zina alama ya upande wa juu, na fundi asiyeitazama anazielekeza chini bila kujua. Kisha kuna tairi la akiba. Kwenye Prado, Escudo au RAV4 ya zamani, tairi lililobebwa mlangoni linatangulia bampa. Sensa inapotangaza kwamba zimebaki sentimita 30, tairi huenda limeshabusu ukuta. Gari la namna hiyo linahitaji kamera na sensa kwa pamoja, pamoja na dereva anayejua kutoa tofauti. Pikapu inayoegeshwa nyuma ya malori inahitaji kamera kwanza, kwani tela lililotokeza kwa juu hupita juu ya upeo wa sensa za bampa. Gari dogo la uani, lenye watoto wanaokimbilia geti wakisikia injini, linahitaji kelele za sensa kwanza.

Wenye malori hawakuwahi kuingia kwenye imani hii. Mwenye lori la tani 10 bado anamshusha utingo, naye anasimama pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, anapiga bodi kwa kiganja: "Njoo, njoo, kata kulia... hapo!" Utingo akipotea kiooni, lori linasimama. Hakuna anayemcheka dereva huyo kwa kutojua kuendesha. Mwenye gari la familia, akiwa na watu wazima watatu nyumbani wanaoweza kushuka na kusimama mahali alipo utingo, anaona aibu kuwaomba, kwa kuwa ana skrini.

Kwa hiyo arudi yadi yule mnunuzi wa mwanzo, safari hii na dumu tupu la lita 20. Kabla ya kuzungumzia rimu, aliweke dumu mita moja nyuma ya bampa, katikati, halafu kwenye kila kona. Akae kwenye kiti cha dereva, aweke rivasi, ahesabu sekunde mpaka picha itokee. Kisha gari lisogezwe chini ya kivuli na zoezi lirudiwe, halafu jioni taa zikiwashwa. Aombe pia gari lizimwe, betri ifunguliwe na kufungwa tena, aone redio itaamka kwa lugha gani. Muuzaji atalalamika kwamba wateja wengine wanasubiri. Na dumu likikosekana kwenye skrini, gharama ya kufunga sensa nne na kamera mpya ikatwe kwenye bei, pale pale, kabla kalamu haijagusa mkataba.