Tupange Baraza Kabla ya Msingi

Ukipita jioni katika mitaa mipya inayochipuka pembezoni mwa miji yetu, iwe Goba au Kibaha, Kisauni au Kitengela, utaona nyumba za kumpongeza mwenyewe: bati la rangi, madirisha ya alumini, geti la chuma lenye nakshi. Ndani mna sebule yenye makochi makubwa na mapazia yanayofagia sakafu. Lakini saa kumi na nusu, jua likipunga, wenye nyumba hawamo sebuleni. Wametoa viti vya plastiki, wamebanana katika kivuli chembamba cha ukuta, kati ya gari na tangi la maji. Mguu mmoja wa kiti umezama mchangani, sinia la chai limewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na kivuli kikihama nao wanahama. Watu hawa wamejinyima miaka mingi wakanunua tofali moja moja, na leo nyumba imekwisha ila hawana pa kukaa. Kosa halikufanywa jioni hii. Lilifanywa siku ile kamba ya msingi ilipovutwa, kila chumba kikapewa vipimo vyake, na mahali pa kukaa nje pakaachiwa kile kitakachobaki. Ninachoomba katika makala haya ni kimoja: baraza lihesabiwe kuwa chumba cha nyumba, tena chumba cha kwanza kuchorwa, kabla jembe halijagusa ardhi.

Jambo hili si geni kwetu, maana wazee waliotutangulia walilijua vizuri. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika mji wa Lamu, ambayo Unesco iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na mwaka 2001, baraza la mawe halikubandikwa nyumbani baadaye kama kiraka. Lilijengwa pamoja na ukuta, likashikana nao, likapakwa chokaa ileile. Mchana lilimpumzisha mpita njia, jioni likawakusanya wacheza bao na muuza kahawa aliyekuja akigonganisha vikombe vyake, na mvua kubwa ilipougeuza uchochoro kuwa mto, watu walipita juu ya mabaraza bila kulowa miguu. Huko Lamu, mbele ya mlango mkubwa palikuwa na daka, kibanda cha kivuli chenye viti vya mawe kushoto na kulia, mgeni akapokewa hapo kabla ya kukaribishwa ndani. Na nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ilikuwa na kibaraza mbele na uwani nyuma, ingawa kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo. Lugha yetu ni shahidi wa heshima hiyo. Neno la kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba limepanda ngazi hadi serikalini: tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani, na tangu mwaka 1967 tuna Baraza la Kiswahili la Taifa. Taifa limekubali kwamba mambo mazito huamuliwa barazani. Ajabu ni kwamba nyumba zetu wenyewe zimelisahau.

Watu hutoka nje jioni kwa sababu inayoeleweka. Tofali la saruji hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha hulitema ndani polepole hadi usiku. Na bati lisilo na dari nzuri huongeza moto juu ya moto. Kwa hiyo katika pwani yetu, saa kumi na moja jioni, sebule huwa na joto kuliko uwanja. Feni huzungusha joto lilelile, na uniti za umeme huteketea. Mwili unajua la kufanya hata kama mchoraji hakujua: unatafuta kivuli chenye upepo. Basi ikiwa saa nzuri kuliko zote za siku, wakati watoto wametoka shule na wazazi wamerudi kazini, nyumba nzima huhamia nje, ni hekima gani kutumia fedha zote kwenye vyumba vinavyokimbiwa na kukosa hata kipande kimoja cha sakafu mahali panapokimbiliwa?

Hapo ndipo mipango inapoingia, kwa kuwa jua na upepo havibembelezwi baada ya nyumba kusimama. Wengi wetu hununua ramani kwenye simu, na ramani ile haijui jua linatua upande gani wa kiwanja chako. Mchoraji ameweka kibaraza mbele, mbele ni barabarani, na barabara ikiwa magharibi, basi kila alasiri jua huingia chini ya paa na kuwachoma watu usoni, hata paa liwe pana namna gani, kwa sababu jua la kutua huja likiwa chini. Kwa sisi wa kusini mwa Ikweta, kuna upande wenye fadhila nyingi, nao ni kaskazini na kaskazini mashariki. Mwezi wa Desemba na Januari, joto linapozidi, jua hupita upande wa kusini wa Dar es Salaam na Mombasa, nyumba yenyewe ikatupa kivuli kaskazini. Na upepo wa msimu huo ni kaskazi, unaovuma kutoka upande huohuo. Nako nyanda za juu, Njombe au Mbeya, baridi hukaza mwezi wa Juni na Julai, wakati jua limehamia kaskazini, na baraza linaloelekea huko hupata jua la kuota. Upande mmoja unawafaa watu wa joto na watu wa baridi. Lakini faida hiyo huipati kwa kujutia baadaye. Ukishaweka choo, stoo na shimo la maji taka upande wa kaskazini, umeshauza upepo wako.

Ujenzi wenyewe nao una adabu zake. Baraza linaloongezwa nyumba ikishakwisha huonekana kwa alama tatu. Ya kwanza ni ufa kati ya sakafu mpya na ukuta wa zamani, kwa sababu sakafu imemwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa vizuri, kifusi kikashuka, na ukuta uliosimama juu ya msingi wake ukabaki pale pale. Ya pili ni paa la kuinamia: bati la nyumba limekwisha kushuka kwenye ncha, na ukiliendeleza kwa mteremko uleule, mtu mrefu atagonga kichwa. Ya tatu ni maji, maana pale paa jipya linapokutana na la zamani ndipo mvua ya masika hupata njia. Yote matatu yangezuiwa kwa mstari wa kalamu, kama msingi wa baraza ungechimbwa pamoja na msingi wa nyumba, na paa la baraza likafungwa kwenye kenchi zilezile.

Kuhusu vipimo, tusidanganyane. Kibaraza cha mita moja na kidogo, kama tunavyokiona kila mahali, ni njia ya kupita. Mtu akikaa kitini na kunyoosha miguu huchukua karibu mita nzima, na anayepita mbele yake bila kumruka anahitaji sentimeta 80 au 90. Kwa hiyo chini ya mita 2 hakuna baraza, na mita 2 na nusu ndipo watu huanza kupumua. Meza ya kulia ya watu sita inataka kama mita 3 kwa 3. Kiti cha kujengwa kiwe na kimo cha sentimeta 40 hadi 45, na upana wa kutosha mzee kukunja miguu. Sakafu iwe chini kidogo ya sakafu ya ndani, na iteremke sentimeta 1 hadi 2 kwa kila mita kwenda nje, maji yasipate ruhusa ya kuingia sebuleni. Vigae vinavyong'aa ni vizuri dukani. Vikilowa ni mtego wa kiuno cha bibi, basi chukua vyenye mkwaruzo. Na panapo ngazi pawe na mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu, sentimeta 12 za kwenda mbele kwa kila sentimeta 1 ya kupanda. Anayejenga akiwa na miaka 40 anaijengea pia miguu yake ya miaka 75.

Wapo wanaopenda jukwaa la mbao kama wanavyoona katika picha za ng'ambo. Halikatazwi, ila tukumbuke tuko nchi ya mchwa. Nguzo ya mbao iliyochimbiwa ardhini ni karamu waliyoandaliwa. Iketishwe juu ya kitako cha zege, mbao zenyewe zikae mbali na udongo hewa ipite chini, na kati ya ubao na ubao paachwe nafasi ya milimita tano hivi maji yadondoke. Mninga na mvule huvumilia. Mtiki wa mashamba ya Muheza pia. Mbao za paini, kama zile za Sao Hill, zisitumike bila kutiwa dawa. Pwani, chumvi hula msumari wa kawaida kabla haijaula ubao. Asiyeweza kulipia haya na matunzo yake ya kila mwaka, sakafu ya saruji iliyosuguliwa haina aibu.

Sasa yapo maneno ya wapinzani, na mengine yana uzito. Wa kwanza husema fedha haitoshi, baraza litajengwa Mungu akijalia. Huyu namjibu kwamba kupanga si kujenga. Lichore, lichimbie msingi, lipatie nguzo na paa, kisha sakafu yake ibaki mchanga ulioshindiliwa hata miaka mitatu. Mkeka utatosha. Na akitaka fedha ya kuanzia, azitazame hizo sebule mbili zilizomo katika ramani yake, ya wageni na ya familia. Akipunguza mita moja kutoka kila moja, baraza limepatikana, tena bila kuta nne, bila nondo za madirisha, bila mapazia.

Wa pili huhofia wezi, na hofu yake si ya kupuuzwa. Lakini tulitazame jambo lenyewe. Ukuta mrefu humzuia mwizi mpaka aruke, akisharuka, humficha. Mtaa ambao watu wamekaa nje, wanamjua nani ni mtoto wa nani, una macho yasiyolipiwa mshahara. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na namba ya simu ya polisi ni fimbo ya mbali ukiilinganisha na jirani anayekuona kila jioni. Anayehofia viti vyake kubebwa usiku ajenge kiti cha mawe: hakibebeki. Na mwenye kulazimika kuweka ukuta aweke baraza ndani ya ukuta, pamoja na benchi fupi nje ya geti, asiwe mgeni katika mtaa wake.

Wa tatu hutaja stara. Hataki mkewe na binti zake wakodolewe macho na wapita njia. Huyu ndiye ambaye wazee walimjibu kikamilifu kuliko wote. Walitenganisha mbele na nyuma: baraza la mbele kwa mgeni na mpita njia, uwani kwa wenye nyumba. Njia ya kuingilia waliipinda, jicho la barabarani lisipenye hadi ndani. Leo tuna matofali ya matundu yanayopitisha upepo na kuzuia macho, na tuna mimea ya kutambaa. Stara ni jambo la kupangwa, na nyumba isiyopangwa ndiyo isiyo na stara, kwani mama analazimika kuchambua mchele mbele ya geti kwa kukosa uwani.

Wa nne husema barazani ni nyumba ya umbea na uvivu. Umbea upo, hatukatai. Lakini umbea wa leo umehamia kwenye simu, wala haudai pa kukaa. Baraza lililosingiziwa ndilo linalopokea posa, ndilo linalokalisha watu wa matanga, ndipo ndugu wawili waliogombania shamba hupatanishwa kabla ya kufikishana mahakamani, na ndipo mtoto hufanyia hesabu zake kwa mwanga wa bure. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumkusudia mgeni anayezungumza na mwenyeji kupitia tundu la geti.

Basi wewe uliye na kiwanja kitupu, nakusihi usimwite fundi kesho. Nenda kiwanjani saa kumi alasiri ukiwa na viti viwili, mambo nane, yaani vigingi, na kamba. Pigilia mambo, zungusha kamba kwa vipimo vya baraza unalolitaka, weka viti ndani yake, ukae. Tazama jua linakuja upande gani, sikiliza upepo, ona jirani anaona nini. Kama haparidhishi, ng'oa mambo, hamisha. Rudi tena mwezi mwingine upepo ukigeuka. Mambo hung'olewa kwa mkono mmoja, bila gharama. Msingi hung'olewa kwa nyundo na machozi. Palipokupendeza ukakaa hadi magharibi bila kuhamisha kiti, hapo pana baraza. Mwambie mchoraji aanzie hapo, nyumba ifuate.