Mvuna Chumvi Apewe Nyenzo, Si Lawama

Upo mtindo, hasa maofisini, wa kumhesabu mvuna chumvi mdogo wa pwani kuwa kikwazo cha afya ya Taifa. Chumvi yake, husemwa, haina madini joto. Basi azuiwe, na kazi hiyo waachiwe wenye viwanda vikubwa. Hoja hiyo huanza na ukweli na kuishia katika dhuluma.

Ukweli wenyewe hauna ubishi. Upungufu wa madini joto huleta rovu, huharibu mimba na hudumaza akili ya mtoto angali tumboni. Mwalimu aliyefundisha nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeyasomba madini hayo ardhini, anaijua hasara yake darasani. Katika miaka ya 1980 ilibidi vidonge vya mafuta yenye madini joto vigawiwe katika wilaya zilizoathirika sana, na tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Wanaodai kwamba chumvi ya bahari inayo ya kutosha kwa asili yake wanajidanganya; maji yakishakauka, yanayobaki ni kidogo mno. Sheria hiyo ni njema na yapasa itetewe.

Lakini sheria njema ikimfikia mnyonge kama rungu tu, hugeuka kero. Kutoka Mwenge kwa barabara ya Bagamoyo, kabla ya kufika Tegeta, upande wa bahari iko Kunduchi, mahali pa kale pa wavuvi, ambapo majaruba ya chumvi yamejulikana kwa miaka mingi. Kazi ya majaruba si ya mchezo. Maji ya bamvua huingizwa na kuhamishwa kutoka jaruba hadi jaruba, jua likiyakaza, mpaka chumvi igande na kukwanguliwa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi tu za chumvi za kila aina, na mvua moja huyeyusha jasho la majuma. Kwingineko pwani wanawake hukwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha kwa kuni za mikoko, miti ileile inayozuia bahari isile ufuko. Kisha chumvi hiyo ghafi humwangukia mlanguzi kwa bei aitakayo yeye.

Je, hapo kinakosekana nini? Tani nzima ya chumvi huhitaji dawa ya madini joto ya gramu 100 hivi, bomba la mkono la kunyunyizia, na mtu aliyefundishwa kupima. Ni aibu mambo hayo yawashinde watu wenye ofisi na magari. Faini haijapata kutia madini joto katika chumvi ya mtu yeyote.

Hapana budi wavuna chumvi waunganishwe katika ushirika, wanunue dawa kwa pamoja, na ofisa afya awafuate jarubani badala ya kuwangoja sokoni. Mwalimu naye awafundishe wanafunzi kupima chumvi ya nyumbani kwao. Chumvi ikikamilika kijijini, faida itabaki kijijini, na mwenye faida ataweza kuchimba jaruba, akauachia mkoko usimame.

Mwaka 1930 Gandhi alitembea hadi Dandi kuokota chumvi, akipinga wakoloni wa Kiingereza waliomnyima mnyonge chumvi ya bahari yake mwenyewe. Taifa huru halina udhuru wa kumnyima mvuna chumvi wake gramu 100 za dawa.